Maonyesho ya Uchukuzi na Fundisho la Mwaka 1978

Katika mji wa München, kusini mwa Ujerumani, hufanyika maonyesho makubwa ya biashara ya uchukuzi ambayo huhudhuriwa na wenye meli, wenye reli, wenye malori, wakuu wa bandari na maofisa wa serikali kutoka mabara yote. Maonyesho hayo yalifunguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1978, na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka miwili, kwa muda wa siku nne. Katika maonyesho ya mwaka 2023 walikuwapo waonyeshaji zaidi ya 2,000, na watu waliopita malangoni walizidi 70,000. Tangu mwaka 1998 uwanja wa maonyesho uko Riem, mahali palipokuwa kiwanja cha ndege cha zamani cha mji huo, na eneo lake ni kubwa kiasi kwamba reli imetandikwa humo ili vichwa vya treni na mabehewa yaletwe yakiwa yamesimama juu ya magurudumu yake.

Mjumbe anayefika huko kutoka nchi za Afrika huonyeshwa mambo mengi ya kuvutia. Yako mabehewa mapya, matela ya kubebea mizigo mizito, makontena yenye mitambo ya baridi ya kuhifadhia nyama na samaki, lakiri za chuma zinazotoa ishara zikiguswa, na mashine za kompyuta zinazoeleza kila saa shehena fulani imefika wapi. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya maonyesho hayo hufanyika mezani. Huko ndiko wenye meli na wenye bandari wanakopatana bei, ndiko mashirika ya reli yanakoagiza vipuri, na ndiko mikataba ya miaka mingi inakoanza kuzungumzwa. Kwa hiyo mjumbe anayekwenda kutazama tu hurudi na mfuko wa karatasi za picha, na mjumbe anayejua anachokitaka hurudi na mkataba.

Basi swali la kujiuliza ni hili: mjumbe wa Zambia, Malawi, Uganda, Rwanda au Burundi, nchi ambazo hazina pwani, anapaswa kwenda huko akiwa na maarifa gani kichwani? Na je, jambo hili linamhusu nini askari wa jeshi au wa polisi? Linamhusu sana. Chakula cha askari, mafuta ya gari lake, viatu vyake na risasi zake hupita katika njia ile ile inayopitisha mbolea ya mkulima na dawa za hospitali. Njia hiyo ikifungwa, askari na raia hupungukiwa pamoja. Na historia ya nchi jirani inatoa fundisho kamili juu ya jambo hilo, hasa historia ya mwaka ule ule wa 1978 ambao maonyesho ya München yalifunguliwa.

Kwanza ni vema kueleza kilichokuwa kikiuzwa duniani wakati huo. Biashara ya uchukuzi ilikuwa imekwisha kugeuzwa na sanduku la chuma, yaani kontena. Tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal-X iliondoka Newark, nchini Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58 juu ya sitaha yake. Mwenye fikira hiyo alikuwa Malcom McLean, mtu aliyeanza maisha ya biashara kwa kuendesha lori. Hadi siku hizo makuli walipakia meli gunia kwa gunia na pipa kwa pipa, na hesabu za wakati ule zilionyesha kwamba kupakia tani moja kwa njia hiyo kuligharimu dola 5.86. Katika Ideal-X tani moja ilipakiwa kwa gharama isiyofika senti 16. Miaka 10 baadaye, Mei 1966, makontena ya kampuni hiyo yalishushwa katika bandari ya Bremen, na Ujerumani ikaingia katika biashara hiyo mpya.

Lakini fikira ya kuweka shehena katika sanduku moja linalofungwa haikuwa ngeni kwa majeshi. Katika vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953, jeshi la Marekani lilikwisha kutumia masanduku ya chuma, kwa sababu bidhaa zilizopakiwa wazi ziliibwa bandarini na kuharibiwa na mvua. Katika vita vya Vietnam shida hiyo ilionekana kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1965 na 1966 meli zilikaa kwa majuma mengi nje ya bandari za Vietnam ya Kusini zikingoja kushushwa mizigo, wakati vikosi bara vikikosa vifaa. Ndipo mwaka 1967 kampuni ya McLean ilipopewa kazi ya kupeleka makontena Cam Ranh Bay, na msongamano ukapungua. Vita hivyo havikushindwa wala kushinda kwa sababu ya makontena, lakini maofisa wa ugavi wa majeshi mengi walijifunza kwamba bandari iliyosongamana humdhoofisha askari kabla hajakutana na adui.

Wakati Ulaya ikifungua maonyesho ya kuuza kreni na makontena, Zambia ilikuwa katika mwaka wa 13 wa mapambano ya kutafuta njia ya kufikia bahari. Ilipopata uhuru mwaka 1964, Zambia ilirithi reli iliyoelekea kusini. Shaba yake ilitoka kwa reli hiyo, na mafuta na makaa ya mawe yaliingia kwa reli hiyo hiyo, ikipita Rhodesia. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kinyume cha sheria. Vikwazo vya mafuta vilipowekwa dhidi ya Rhodesia mwezi uliofuata, Zambia nayo ilikatiwa mafuta. Mapipa ya mafuta yakapakiwa katika ndege za Uingereza, Kanada na Marekani, na malori yakaanza kupita katika barabara ya udongo kutoka Dar es Salaam hadi Ukanda wa Shaba. Barabara hiyo ilikuwa tope wakati wa masika na vumbi zito wakati wa kiangazi, na madereva wengi walipoteza maisha yao humo. Wenyewe waliilinganisha na safari ya jehanamu.

Zambia na Tanzania hazikungoja. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968. Juu ya reli, Benki ya Dunia na wataalamu wa nchi za Magharibi walikuwa wamesema kwamba reli ya kuunganisha nchi hizo mbili haitalipa. China ikakubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967, mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba ukatolewa, na kazi ikaanza Oktoba 1970. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikwisha kutandikwa mwaka 1975 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Ina mahandaki 22 na madaraja mapatao 300. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha yao katika kazi hiyo, na wengi wao wamezikwa katika makaburi yaliyoko Gongo la Mboto, nje kidogo ya Dar es Salaam. Watanzania na Wazambia nao walikufa katika ajali za mahandaki na madaraja.

Kufikia hapo ingedhaniwa kwamba shida imekwisha. Januari 1973 Smith aliufunga mpaka wake na Zambia, na alipoufungua tena, Zambia ilikataa kuutumia. Agosti 1975 vita vya Angola vilikata reli ya Benguela iliyokwenda pwani ya Atlantiki. Mzigo wote wa Zambia ukaelemea njia ya Dar es Salaam. Reli ilikuwapo na bomba lilikuwapo, lakini bandari haikuwa na nafasi ya kutosha. Vichwa vya treni vya mwanzo vilikuwa na nguvu ndogo kuliko kazi ya milimani, hasa kati ya Mlimba na Makambako kwenye mahandaki mengi, na viliharibika mara kwa mara. Mabehewa yalipungua, na yale yaliyofika Zambia yalichelewa kurudi. Shaba ikarundikana upande mmoja, na mbolea upande mwingine.

Tarehe 6 Oktoba 1978 Rais Kenneth Kaunda alitangaza kwamba Zambia itaifungua tena njia ya reli ya kusini. Mvua zilikuwa karibu, na mkulima hana namna ya kuuahirisha msimu wa kupanda. Uamuzi huo uliwasikitisha marafiki wa Zambia katika mapambano ya ukombozi, lakini haukutokana na woga wala usaliti. Ulitokana na magunia ya mbolea yaliyokuwa mbali na mashamba. Nchi iliyokuwa imevumilia miaka mingi kwa ajili ya uhuru wa wengine ilirudishwa mlangoni kwa adui kwa sababu ya upungufu wa mabehewa, vipuri na nafasi ya gatini. Huo ni ushahidi kwamba siasa ya nchi inaweza kushikwa mateka na stesheni moja ya reli isiyofanya kazi vizuri.

Fundisho lililofuata lilikuwa kali zaidi. Oktoba 1979, wakati mazungumzo ya uhuru wa Zimbabwe yalikuwa yakiendelea London, makomando wa Rhodesia waliingia kaskazini mwa Zambia na kuyalipua madaraja ya mto Chambeshi, la reli na la barabara. TAZARA ikakatika. Mwezi uliofuata watawala wa Salisbury walizuia mahindi yaliyokuwa yakipita kwao kwenda Zambia. Mahesabu yao yalikuwa wazi: kwanza uvunje njia ya jirani yako ya kaskazini, kisha ufunge ile ya kusini, halafu umlazimishe akubali matakwa yako. Daraja moja lililokosa ulinzi wa kutosha lilitosha kuifanya kazi hiyo. Askari anayepangwa zamu ya usiku kwenye daraja, mahali pasipo na mji wala duka, na ambaye pengine huona kwamba kazi yake haina maana, na aikumbuke Chambeshi.

Tanzania nayo ilipata mtihani wake katika Oktoba ile ile ya mwaka 1978. Tarehe 30 majeshi ya Idi Amin yaliuvuka mpaka na kuiteka sehemu ya Kagera iliyo kaskazini ya mto, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Shirika la Reli la Afrika Mashariki kugawanywa, na Tanzania kubakiwa na reli iliyohitaji mabehewa, karakana na mafundi wake yenyewe. Vikosi vilikuwa kusini na katikati ya nchi, na kutoka Songea hadi mpakani mwa Uganda ni zaidi ya kilomita elfu moja. Treni zikachukua askari na zana, malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yakachukuliwa kwa kazi ya taifa, na madereva wa kiraia wakaendesha katika tope la mvua za vuli. Wahandisi wa jeshi wakatega daraja la muda mtoni, vikosi vikavuka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Ushujaa wa wapiganaji unasimuliwa mara nyingi, na ni haki usimuliwe. Lakini wapiganaji hao walifika mstari wa mbele kwa sababu kuli, dereva, fundi wa reli na mhandisi walitimiza sehemu zao.

Baada ya Zimbabwe kupata uhuru mwaka 1980, mapambano ya njia yalihamia Msumbiji. Njia ya Beira, yenye reli, barabara na bomba la mafuta kwa pamoja, ni njia fupi ya kutoka Mutare kwenda baharini, takriban kilomita 300. Desemba 1982 matangi ya mafuta ya Beira yalilipuliwa. Reli ilihujumiwa tena na tena, na Zimbabwe ikalazimika kuweka maelfu ya askari wake kuilinda njia hiyo hadi mwaka 1993. Malawi, ambayo bandari zake za asili ni Beira na Nacala, ilikosa zote mbili, ikawa inapeleka bidhaa zake mbali hadi Durban kwa gharama kubwa, na baadaye kupitia Mbeya hadi Dar es Salaam. Ilipofika mwaka 1987 Malawi nayo ilikuwa na askari wake ndani ya Msumbiji wakilinda matengenezo ya reli ya Nacala. Askari wa Tanzania walikuwa wamepelekwa Msumbiji katika miaka hiyo hiyo. Hakuna kampuni katika maonyesho yoyote ya dunia iliyoweza kuuza kitu cha kuchukua nafasi ya askari hao.

Kutokana na historia hiyo, mjumbe wa nchi hizi anayehudhuria maonyesho ya uchukuzi ana mambo matatu ya kuyaweka mbele. La kwanza ni kwamba mashine lazima ifae mahali inapopelekwa. Pale Dar es Salaam peke yake pana reli za upana wa aina tatu. Ile ya kati iliyojengwa na Wajerumani ina milimita 1,000, TAZARA ina milimita 1,067, na reli mpya ya umeme, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, ina milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kupita katika nyingine, na kontena likitoka huku kwenda kule halina budi kuinuliwa na kreni. Muuzaji ataisifu mashine yake, na hiyo ni haki yake. Ni wajibu wa mnunuzi kuuliza juu ya mlima, joto, mvua na upana wa reli.

La pili ni matengenezo. Vichwa vya treni vya mwaka 1976 havikuwa aibu kwa aliyevitengeneza wala kwa aliyevipokea, lakini havikulingana na mlima, na karakana hazikuwa na vipuri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkataba unaotaja bei ya mashine bila kutaja vipuri, mafunzo ya mafundi na karakana ni mkataba wa nusu. Ni vema kukumbuka hayo sasa, kwa kuwa Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini Beijing hati ya maelewano ya kuifufua TAZARA. Reli iliyojengwa kwa jasho na kwa damu inastahili kupata mara hii yale iliyoyakosa mara ya kwanza.

La tatu ni mapatano na ulinzi, na hapa ndipo askari wa jeshi na wa polisi wanapoingia moja kwa moja. Nchi zinazotumia bandari ya Mombasa zilitia saini mapatano ya Ukanda wa Kaskazini mwaka 1985. Mwaka 2006 Burundi, Kongo, Rwanda, Uganda na Tanzania zilifanya vivyo hivyo juu ya Ukanda wa Kati unaotoka Dar es Salaam. Tangu tarehe 1 Julai 2004 bandari za dunia ziko chini ya kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari. Lakini kanuni na mapatano yako katika karatasi, na karatasi haisimami barabarani. Anayesimama barabarani ni polisi.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali ni takriban kilomita 1,500. Kontena likifungwa kwa lakiri bandarini na kuandikwa sawasawa, haliwi na sababu ya kufunguliwa tena mpaka lifike kwa mwenyewe, ila ikiwa kuna shaka ya kweli. Kila kizuizi kinachowekwa bila sababu huongeza siku, na kila siku huongeza bei ya sukari, ya saruji na ya dawa kwa mwananchi wa nchi jirani. Mwenye mzigo akichoshwa hutafuta bandari nyingine, na makuli, madereva na hazina ya taifa ndio wanaopoteza. Kwa upande mwingine, kizuizi kinachostahili kuwapo na kikalegezwa kwa rushwa hupitisha silaha, bangi, meno ya tembo na bidhaa za magendo chini ya jina la mbolea. Polisi mwema wa barabarani hutofautisha mambo hayo mawili: hamcheleweshi mtu mwaminifu, wala hamwachii mhalifu. Kazi hiyo yataka elimu, uvumilivu na uadilifu, na ni sehemu ya ulinzi wa taifa kama ilivyo kazi ya mwenzake aliye mpakani.

Maonyesho ya München yataendelea kufanyika, na kila mara mashine zitakuwa mpya kuliko za awali. Ni jambo jema wajumbe wa Afrika wakayahudhurie, wajifunze na kununua wanachokihitaji. Lakini Zambia ya mwaka 1978 ilikuwa na reli mpya kabisa, na bado ilikwama. Kilichopungua kilikuwa vipuri, mpango mzuri wa bandari na mabehewa, na baadaye ulinzi wa daraja. Mambo hayo huandaliwa nyumbani, katika karakana, katika ofisi za forodha, katika kambi za jeshi na katika vituo vya polisi. Jirani asiye na pwani ameuweka uhai wake mikononi mwa wale wanaoilinda njia yake. Kuilinda amana hiyo ni heshima ya askari na ni usalama wa nchi zote mbili.